Kidonda Kimefungwa, Sasa Kitunzwe: Jinsi ya Kutunza Bendeji Nyumbani

Karibu na Kakuma, wanaokata mathenge kwa ajili ya kuni na makaa huanza kazi alfajiri kabla jua halijawaka. Panga likiteleza, mguu au kiganja hukatika. Mjini Lodwar chanzo huwa ni bati, chupa iliyovunjika au kisu cha kuchinjia mbuzi. Aliyeumia hupelekwa zahanati, kidonda huoshwa, hushonwa ikihitajika na kufungwa bendeji. Kisha huambiwa aende nyumbani na arudi baada ya siku kadhaa.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wakiona bendeji nyeupe huamini kwamba mambo yamekwisha. Bendeji haiponyi kidonda. Kazi yake ni kuzuia vumbi, nzi na kugongwa wakati mwili unajiponya wenyewe. Katika joto la Turkana, bendeji iliyolowa jasho au kujaa vumbi huacha kulinda na kuanza kufuga vijidudu. Nje huonekana salama, kumbe ndani usaha umeanza.

Siku mbili za kwanza

Isipokuwa mhudumu wa afya ameagiza vinginevyo, iache bendeji kama ilivyofungwa kwa saa 24 hadi 48. Ibadilishe mapema ikiwa imelowa au imechafuka. Ukiketi au kulala, inua mguu au mkono ulioumia ili uvimbe upungue.

Chunguza vidole mara kwa mara. Vikiwa baridi, vikifa ganzi au kuvimba, bendeji imekaza mno. Ilegeze na uifunge upya. Damu ikipenya, weka kitambaa safi juu yake na ubonyeze kwa dakika 10 bila kufunua. Isipokoma, nenda hospitalini mara moja.

Kubadilisha bendeji

Baada ya hapo, badilisha bendeji kila siku au kwa ratiba uliyopewa, na kila mara inapolowa au kuchafuka. Kazi hii haihitaji maji mengi. Lita moja inatosha kidonda kidogo, lakini lazima yawe safi. Maji yaliyotekwa Mto Turkwel au kuchotwa mchangani mwa laga ya Tarach yachujwe, yachemshwe na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa.

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni. Mikono michafu ndiyo njia rahisi ya kuingiza vijidudu kidondani.
2. Fungua bendeji polepole. Ikiwa imegandamana na kidonda, usiivute. Ilowanishe kwa maji uliyochemsha hadi iachie.
3. Kagua kidonda. Linganisha uvimbe, maumivu, majimaji na harufu na hali ya jana.
4. Kioshe kwa kumwagilia maji hayo, kisha kausha ngozi ya pembeni kwa kitambaa safi bila kusugua. Ikiwa umeshonwa, muulize mhudumu ni lini nyuzi zinaweza kuguswa na maji.
5. Weka gozi safi, kisha funga bendeji ishike bila kubana.
6. Nawa mikono tena. Bendeji chafu ichome au itupe chooni, mbali na watoto na mbwa.

Ukikosa gozi, tumia kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa sabuni, kikachemshwa kwa dakika 10 na kuanikwa kwenye kamba juani. Kisianikwe juu ya mchanga wala ua wa miiba.

Usiweke chochote usichoagizwa

Jivu, kinyesi cha mifugo, udongo, dawa ya meno, mafuta ya taa na unga wa betri havifai kidondani. Hata unga wa kapsuli za antibayotiki usinyunyizwe. Spiriti nayo huchoma nyama changa inayoanza kuota na kuchelewesha kupona.

Tahadhari ya pepopunda

Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na huingia hata kupitia tundu dogo la mwiba. Bendeji haiwezi kuvizuia vikishaingia. Kinga ni chanjo. Mjamzito hupewa chanjo hii kliniki, lakini mwanamume anayechunga mifugo huenda aliipata mara ya mwisho akiwa mtoto mchanga, au hakuipata kabisa.

Ikiwa kidonda kina uchafu na umepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki ulichanjwa lini, omba sindano hiyo siku hiyo hiyo. Kwa kidonda safi, kipimo ni miaka 10. Taya likikaza au shingo ikikakamaa siku au wiki kadhaa baada ya kuumia, usisubiri kupambazuke.

Rudi hospitalini ukiona haya

• Maumivu au uvimbe unaongezeka badala ya kupungua.
• Usaha au harufu mbaya.
• Joto la mwili, au mtoki kwenye kinena au kwapa.
• Ngozi ya pembeni ina joto na inang'aa. Ngozi nyeusi haionyeshi wekundu upesi, kwa hivyo ipime kwa mgongo wa mkono na uilinganishe na upande wa pili.
• Unahisi kuna mwiba au kipande cha chupa kilichobaki ndani. Mwiba wa mathenge ukikatikia mwilini unaweza kusumbua kwa muda mrefu.

Mwenye kisukari asisubiri dalili hizi. Kidonda chochote cha mguuni kionwe na mhudumu. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende kupata chanjo ya kichaa cha mbwa siku hiyo hiyo.

Nyuzi na safari

Kwa kawaida nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hivi, za mkononi siku 7 hadi 10, na za mguuni au kwenye kiungo siku 10 hadi 14. Usizikate mwenyewe kwa wembe. Ikiwa familia inahama na mifugo, mweleze mhudumu kabla ya kuondoka ili akuonyeshe zahanati iliyo kwenye njia yenu.

Ukiwa na shaka, anza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au zahanati iliyo karibu. Kidonda kirefu, au kinachotoka damu bila kukoma, kipelekwe moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Lodwar, au kwa walio Kakuma, katika hospitali iliyo karibu. Kidonda kinachokaguliwa mapema mara nyingi hutibika kwa kuoshwa na dawa. Kikifichwa chini ya bendeji chafu kwa wiki mbili, kinaweza kumgharimu mtu mguu, au maisha yake.