Anayejiajiri kwa kompyuta asiugeuze usiku kuwa ofisi

Na MWANDISHI WETU

TUSEME ni usiku wa Jumatano mtaani Umoja, saa saba zimepita. Majirani wamezima taa na makelele ya matatu yametulia, lakini katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kompyuta bado inawaka. Kijana aliyeketi mbele yake anapanga kijitabu cha mazishi: picha ya marehemu, historia ya maisha yake, majina ya watoto na wajukuu. Kesho jioni gari linaondoka na jeneza kuelekea mashambani. Mchapishaji wa River Road anaingoja kazi hiyo saa mbili asubuhi.

Kijana anakunywa kikombe cha tatu cha kahawa na kuendelea. Saa kumi na moja alfajiri anamaliza. Kufikia adhuhuri vijitabu 300 viko tayari, na hapo ndipo binti wa marehemu anapogundua kwamba mwaka wa kuzaliwa wa babake umeandikwa 1984 badala ya 1948. Karatasi haina mahali pa kufutia. Aidha kijana alipe uchapishaji wa pili kutoka mfukoni mwake, au familia izike mzee wao ikiwa na kosa hilo mkononi.

Kisa hiki ni mfano tu. Lakini ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaojipatia riziki kwa kuchora kwa kompyuta nyumbani, bila shaka unakijua kingine kinachofanana nacho. Na swali la kujiuliza ni hili: je, kijana huyo alikosea kwa sababu hajui kazi, au kwa sababu mwili wake ulikuwa umefunga duka saa nyingi zilizopita?

KAZI ISIYO NA KENGELE

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Buruburu na Donholm hadi Kayole, Dandora na Pipeline, kazi ya udizaina imewapa vijana wengi tegemeo. Baadhi yao walisomea sanaa vyuoni, wengine walijifunza kwa kumtazama rafiki. Wao ndio hutengeneza kadi za harusi, mabango ya mikutano ya kanisa, picha za wagombea wakati wa kampeni, na michoro ya kupamba matatu. Wengine hupata wateja wa ng'ambo kwa njia ya intaneti, kazi ambayo serikali ilianza kuwahimiza vijana kuifanya kupitia mpango wa Ajira Digital mwaka wa 2016.

Faida ya kujiajiri ni kwamba hakuna mdosi wa kukufokea. Hasara yake ni kwamba hakuna kengele ya kwenda nyumbani. Hakuna likizo ya ugonjwa, hakuna saa ya chakula, na mteja hupiga simu wakati wowote. Aliye na mteja New York hukumbana na tatizo jingine: saa kumi na moja jioni ya huko ni saa sita au saa saba usiku hapa Nairobi, kulingana na msimu.

Isitoshe, tusiwalaumu vijana hawa kana kwamba hupenda kukesha. Anayeishi chumba kimoja hana mahali pengine pa kufanyia kazi. Kitanda ndicho kiti, ndicho meza. Mchana kuna watoto, vipaza sauti na wageni, na mara stima inapotea. Usiku ndio wakati pekee ambapo nyumba inanyamaza.

Maradhi ya kazi za kukaa si mageni duniani. Mnamo mwaka wa 1700, daktari Mwitaliano kwa jina Bernardino Ramazzini alichapisha kitabu kuhusu magonjwa yanayowapata watu wa kazi mbalimbali. Kuhusu makarani waliokuwa wakiandika kwa kalamu kutwa nzima, alitaja sababu tatu za taabu zao: kuketi bila kuinuka, kusogeza mkono kwa namna ile ile bila kupumzika, na kuichosha akili kwa kuogopa kukosea. Zaidi ya miaka 300 baadaye, kalamu imegeuka kuwa kipanya cha kompyuta, lakini sababu ni zile zile.

USINGIZI

Kati ya yote, usingizi ndio wa kwanza kuibwa na wa mwisho kukumbukwa. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Mwaka wa 1997, watafiti wawili nchini Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hupungukiwa na uwezo wa mkono na macho kushirikiana sawa na mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Hicho ndicho kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukipita.

Piga hesabu. Aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufika hapo saa tano usiku. Ukiendelea kufanya kazi hadi alfajiri, unamtumikia mteja ukiwa mlevi ambaye hajaonja pombe. Mlevi huyo huwa na ujasiri mwingi, haoni makosa yake, na tarakimu 48 huziandika 84.

Kahawa haitibu hali hiyo, huificha tu. Huchukua takriban saa tano kwa nusu ya kafeini kutoka mwilini. Kwa hivyo nusu ya ile uliyokunywa saa kumi na moja jioni bado imo ndani saa nne usiku, na hata ukilala usingizi huwa mwepesi. Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini hiyo hiyo pamoja na sukari nyingi. Wanaotafuna miraa au muguka ili kukesha nao huharakisha mapigo ya moyo, hupandisha shinikizo la damu na kuufukuza usingizi hata baada ya kazi kwisha.

Madhara makubwa huja polepole. Mwaka wa 2021, Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kwamba wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wanaofanya kazi kati ya saa 35 na 40. Hatari ya kufa kwa maradhi ya moyo yanayoletwa na mishipa kuziba ilikuwa juu kwa asilimia 17.

MACHO, MIKONO NA MGONGO

Jicho lililotulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika. Mbele ya kompyuta, idadi hiyo hupungua sana, na jicho hukauka, huwasha na kuona ukungu. Dawa yake haiuzwi. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, mathalani nguo zilizoanikwa kwenye roshani ya jirani, na upepese macho kwa makusudi. Usifanye kazi gizani huku kioo kikimulika peke yake.

Mkono nao una dalili zake. Ukiamka usiku na kupata kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, huenda mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unabanwa. Usingoje mpaka kikombe kikuponyoke. Punguza saa za kushika kipanya, nyoosha kifundo kisipinde unapofanya kazi, na umwone daktari mapema.

Kuhusu mgongo, si lazima ununue kiti cha bei ghali. Kiti cha plastiki chenye mto mdogo nyuma ya kiuno ni bora kuliko kitanda. Inua kompyuta ya mkononi juu ya kreti ya soda au vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, kisha utumie kibodi na kipanya vya pembeni. Viwiko vikae kando ya mwili, nyayo ziguse sakafu. Na hata ukiketi vizuri namna gani, inuka kila nusu saa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kiasi ambacho hutimia kwa kutembea kwa kasi dakika 30, siku tano.

Jihadhari pia na vidonge vya maumivu vya dukani. Wengi huamini kwamba vidonda vya tumbo huletwa na kukosa chakula. Ukweli ni kwamba chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren wa Australia Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005. Chanzo cha pili ni matumizi ya mara kwa mara ya dawa kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Anayemeza vidonge hivyo kila siku ili mgongo umruhusu kuendelea kuketi anaweza kuponya siku moja na kuharibu mwaka.

PROGRAMU HAIONGEZI SAA

Siku hizi zipo programu tele za kupanga kazi, kuhesabu dakika na kukukumbusha kila jambo. Zinaweza kusaidia, lakini hakuna hata moja inayoongeza saa ya 25 katika siku. Mara nyingi mtu hutumia asubuhi nzima akipanga orodha yenye rangi nzuri, kisha kazi yenyewe akaianza usiku.

Mbinu inayojulikana zaidi haihitaji hata kompyuta. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi Mwitaliano, Francesco Cirillo, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya kufanya kazi kwa dakika 25 na kupumzika dakika tano. Simu yoyote yaweza kufanya hivyo. Dakika hizo tano ndizo za kuinuka, kunywa maji na kutazama mbali.

Lakini katika zile dakika 25, simu isilie. Watafiti wakiongozwa na Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California walionyesha mwaka wa 2008 kwamba watu wanaokatizwa kazini humaliza haraka zaidi, ila kwa gharama ya msongo wa mawazo, hasira na haraka zaidi. Jibu ujumbe wa wateja kwa saa maalum, tuseme saa nne, saa saba na saa kumi.

YA KUFANYA

Kwanza, weka saa ya kufunga, kama mwenye duka. Amua kwamba kuanzia saa nne usiku kompyuta imelala, na umwambie mteja hivyo kabla ya kupokea kazi. Wa ng'ambo mwambie utamjibu asubuhi yako.

Pili, usingizi wako hulindwa na masharti ya biashara. Dai nusu ya malipo kabla ya kuanza, na mkubaliane idadi ya masahihisho, mathalani mara mbili. Kazi ya dharura iwe na bei yake. Mteja anayebadilisha rangi mara kumi bure ndiye anayekukesha.

Tatu, kazi ya mazishi au harusi isitoke bila mtu wa familia kusoma kila jina na kila tarehe na kukubali kwa maandishi. Nawe isome kwa sauti baada ya kulala, wala si kabla.

Nne, tafuta mahali pa kufanyia kazi mchana. Eastlands ina maktaba za umma huko Kaloleni, Makadara na Buruburu, zenye meza, viti na utulivu. Hifadhi kwa usiku mambo mepesi, na kazi nzito uifanye akili ikiwa mpya.

Tano, jisajili kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Anayejiajiri hutozwa kulingana na uwezo wake, bila kupungua Sh300 kwa mwezi. Kumbuka ya kwamba siku ukilazwa hakuna mwajiri wa kukulipa mshahara.

Mwisho, zipo dalili zisizongoja. Nenda hospitalini mara moja ukipoteza uwezo wa kuona ghafla, upande mmoja wa uso au mwili ukilegea, kifua kikibana, au maumivu ya mgongo yakifuatana na miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo. Wakazi wa Eastlands wana hospitali ya umma ya Mama Lucy Kibaki karibu.

Tumrudie kijana wetu wa Umoja. Kama angelala saa tano na kuamka saa kumi na moja, angekuwa na saa tatu kabla ya mchapishaji kufungua mlango. Saa sita za usingizi bado ni chache, lakini macho yaliyopumzika yangeona mara moja kwamba mzee mwenye wajukuu hakuzaliwa 1984. Mteja hanunui saa ulizokesha. Hununua kazi iliyo sahihi, na kazi hiyo hutoka kwa mtu aliyelala.