Betri ya drili ikigoma kuchaji, usikimbilie kununua mpya

MAFUNDI wengi wa samani, dari za jipsamu na madirisha ya alumini siku hizi hawaendi kazini bila drili ya betri. Mashine hii haihitaji waya mrefu wala soketi ya karibu, na umeme ukikatika kazi inaendelea. Lakini betri ikigoma kuchaji, mashine nzima inageuka mzigo, na fundi aliyekwishapokea malipo ya awali anabaki kumpa mteja ahadi.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Wapo wanaokimbilia dukani kununua betri nyingine, wakati mara nyingi betri ni miongoni mwa sehemu za bei kubwa katika mashine hiyo. Wakifika karakana wanakuta hata mpya haichaji, kwa sababu ubovu ulikuwa kwenye chaja. Wengine hulazimisha umeme uingie kwa kuunganisha nyaya, njia inayoweza kuteketeza karakana.

Betri nyingi za sasa ni za lithiamu, na ndani yake mna saketi ndogo inayofuatilia joto na volti. Ikionekana dalili ya hatari, chaja haipeleki umeme. Kwa hiyo kugoma si lazima kuwe ndiyo kufa. Huenda betri inajikinga. Kazi ya fundi ni kutafuta inajikinga na nini, akianza na mambo yasiyo na gharama.

Anza na umeme na chaja

Chomeka kitu kingine kwenye soketi, kama chaja ya simu, uone kama umeme upo. Kisha kagua waya wa chaja kama haujakatika au kulegea.

Soma pia maandishi yaliyo mgongoni mwa chaja. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230, wakati Marekani hutumia volti 120. Chaja ya mtumba iliyotengenezwa kwa ajili ya volti 120 pekee, ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya hapa nchini, huungua. Wanaotumia jenereta nao wasome maelekezo kwanza, kwa sababu baadhi ya watengenezaji wanakataza kuchaji kwa njia hiyo.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni kuazima. Tafuta fundi mwenzako mwenye mashine ya aina ile ile. Weka betri yake kwenye chaja yako na yako kwenye chaja yake. Betri yake ikichaji kwako, chaja yako ni nzima. Yako ikichaji kwake, betri yako haina kosa. Dakika chache za majaribio zinaweza kuokoa fedha ya betri nzima.

Joto na vumbi

Seli za lithiamu kwa kawaida huchajiwa zikiwa katika joto la kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi. Betri iliyotoka kutoboa zege, au iliyoachwa ndani ya gari juani, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Ikiwekwa kwenye chaja, taa humetameta na umeme hauingii. Iache kivulini kwa nusu saa hadi saa moja, kisha jaribu tena. Usiiweke kwenye friji wala kuimwagia maji, kwa kuwa unyevu ukiingia ndani utaharibu saketi.

Adui mwingine ni vumbi la jipsamu, saruji na mbao, ambalo hujishikiza kwenye vyuma vya kupitisha umeme kati ya betri na chaja. Baadhi ya vyuma hivyo havipeleki chaji, bali hupeleka taarifa ya joto. Kimoja kikichafuka, chaja inaweza kugoma ingawa seli zote ni nzima.

Chomoa chaja kwenye umeme, toa betri, kisha safisha kwa brashi laini na kitambaa chenye spiriti kidogo. Acha pakauke kabisa. Usikwangue kwa bisibisi, maana ukigusanisha vyuma viwili utasababisha shoti. Angalia pia kama kuna chuma kilichopinda. Maana ya taa za chaja hutofautiana kwa kila mtengenezaji, hivyo fuata kibandiko au kijitabu cha mashine yako.

Multimita inasema nini

Kama bado inagoma, pima volti. Betri ya volti 18 ina hatua tano za seli zilizofuatana, kila moja ikiwa na volti 3.6. Ikijaa, kila seli hufika volti 4.2, na jumla yake ni 21. Ndiyo sababu betri za muundo huo huuzwa zikiwa zimeandikwa volti 18, 20 au hata 21.

Ukipata volti kama 15, betri imetumika sana lakini inapaswa kupokea chaji. Chini ya 12.5 imeshuka kupita kiasi, na chaja nyingi huikataa. Hali hii huipata betri iliyowekwa stoo kwa miezi mingi ikiwa tupu. Ukipata sifuri, huenda saketi imekata umeme au muunganisho umeachia, ingawa zipo betri zisizotoa umeme mpaka zipachikwe kwenye mashine.

Jumla nzuri nayo inaweza kudanganya. Seli nne zikiwa na volti 3.9 kila moja na ya tano ikiwa na 1.5, multimita itasoma 17.1. Fundi ataiona betri ni nzima, lakini chaja ikigoma itakuwa na haki, kwa kuwa seli moja imeporomoka. Hapo betri inahitaji kufunguliwa na fundi wa elektroniki anayezijua betri za lithiamu.

Usiiamshe kwa nguvu

Baadhi ya mafundi huunganisha betri nzima na iliyoshuka kwa nyaya ili 'kuiamsha'. Kuna wakati inakubali, na hapo ndipo ilipo hatari. Seli iliyoshuka mno huweza kuyeyusha shaba iliyo ndani yake, na shaba hiyo ikiganda mahali pengine huleta shoti ambayo haionekani kwa nje. Betri inaweza kuwaka baadaye ikiwa kwenye chaja, katika karakana iliyojaa maranda, tina na vanishi.

Betri iliyovimba, inayovuja, iliyopasuka au iliyozama majini isichajiwe tena. Isitupwe motoni wala jalalani, bali ipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali. Moto ukitokea, waondoe watu na upige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Kubadilisha seli kunawezekana, lakini seli zote zibadilishwe kwa pamoja, ziwe za aina na uwezo mmoja, na ziunganishwe kwa mashine maalumu badala ya chuma cha kulehemu risasi, ambacho joto lake huharibu seli. Kabla ya kukubali, linganisha bei ya kazi hiyo na ya betri mpya, na uangalie kama garantii bado ipo, kwani betri ikifunguliwa garantii inaweza kupotea.

Itunze, na uiweke kwenye hesabu

Mashine ikianza kulegea, toa betri uichaji badala ya kuikamua hadi mwisho. Ya kuhifadhi muda mrefu ibaki na chaji kama nusu, mahali pakavu pasipo joto, na iangaliwe kila baada ya miezi michache. Andika juu yake tarehe ya kununua.

Hata ikitunzwa vipi, kila betri ina mwisho wake. Fundi anayeweka sehemu ndogo ya gharama ya betri katika bei ya kila kazi, kama anavyohesabu skrubu na gundi, siku ikifa kweli atakuwa tayari na fedha ya kununua nyingine.