Je, Wajua? Iodini humwonyesha daktari pa kukata

Ukipulizia umio maji ya iodini, sehemu yenye afya hugeuka kahawia iliyokolea. Sehemu iliyoanza kuharibika hukataa rangi. Hubaki ya manjano, na baada ya dakika chache huweza kugeuka waridi. Sababu yake ni sukari: seli zenye afya huweka akiba ya glaikojeni, nayo hushika iodini. Seli zinazoelekea kwenye saratani huwa zimepungukiwa na akiba hiyo. Dawa yenyewe, Lugol, ni ya tangu 1829.

Bomet, Kenya, ni kati ya maeneo yanayoumizwa sana na saratani ya umio. Huko, katika Hospitali ya Tenwek, watafiti waliwapima hivyo watu wasio na dalili yoyote. Zaidi ya 1 kati ya 10 walikutwa na mabadiliko ya awali. Walikuwa wakila na kumeza vizuri kabisa!

Sehemu iliyoanza kuharibika huondolewa bila kupasua kifua. Daktari huingiza mpira wenye kamera kupitia mdomoni. Huifyonza ngozi ya ndani, huifunga kwa kipete cha mpira hadi ivimbe kama kijipele, kisha huikata kwa kitanzi cha waya wenye umeme. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo.

Njia nyingine ya kuiondoa ni kuiunguza kwa mawimbi ya redio. Kina cha kuungua hakizidi milimita 1.