Gava iko mkononi, lakini lugha yake iko wapi?

KATIKA mijadala kuhusu mageuzi ya kidijitali katika utawala wa umma, aghalabu tunahesabu milingoti ya simu, kompyuta na huduma zilizohamishiwa mtandaoni. Ni hesabu za maana. Mnamo Juni 30, 2023, serikali ya Kenya ilipozindua programu ya Gava Mkononi, ilitangaza kuwa zaidi ya huduma 5,000 zilikuwa zimeingizwa katika mfumo wa eCitizen, ulioanza mwaka wa 2014. Hata hivyo, sisi wa lugha tuna swali letu: huduma hizo zinamsemesha mwananchi kwa lugha gani?

Tazama majina kwanza. Huduma, Gava Mkononi, Maisha Namba, Inua Jamii. Yote ni ya Kiswahili, au Sheng. “Gava” lenyewe ni neno la vijana wa mitaani lililopanda cheo hadi likafika ikulu. Walioyachagua majina hayo walijua fika kwamba Kiswahili huvuta watu. Sasa hebu ingia ndani. Ukishalipita jina, unakutana na fomu, maagizo na masharti ambayo mengi yake ni ya Kiingereza, tena Kiingereza cha mawakili. Kiswahili kimefanywa bango la mlangoni tu.

Nichukue mfano wa Garsen, Kaunti ya Tana River. Hapo hukutana Wapokomo, ambao wengi ni wakulima wa kandokando ya mto, na Waorma na Wawardei, ambao wengi ni wafugaji. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili. Wanaisimu huziweka lugha hizo katika kundi moja la Kisabaki, pamoja na Kimijikenda na Kingazija. Kiorma nacho ni cha ukoo wa Kikushi. Wenyeji hao wanapouziana mchele na maziwa, Kiswahili ndicho daraja. Wala si lugha iliyoletwa juzi. Kipini, mto Tana unapoingia baharini, ndiko mapokeo yanakoliweka kaburi la Fumo Liyongo, shujaa na malenga. Ajabu ni kwamba leo mkaazi wa sehemu hizo huhitaji mkalimani ili aombe cheti cha kuzaliwa.

Mkalimani mwenyewe ni nani? Ni kijana wa saiba. Mzee anafika na kitambulisho chake na simu. Kijana anamfungulia akaunti, anamchagulia nenosiri, anaweka tiki mahali pa kukubali masharti, kisha anabofya “Submit”. “Tayari, mzee!” Simlaumu kijana huyu hata kidogo. Bila yeye, mzee angerudi nyumbani mikono mitupu. Ila mzee amekubali nini?

Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa suala la haki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka ridhaa ya mtu itolewe kwa hiari, iwe mahususi, na atolewaye maelezo ayafahamu kwanza. Neno ridhaa kwa Waswahili ni zito. Huwezi kuridhia usichokijua. Tiki iliyowekwa na mtu mwingine, chini ya aya ambazo mwenyewe hakusomewa, haiwezi kuitwa ridhaa. Isitoshe, anayelijua nenosiri lako ameshika ufunguo wa stakabadhi zako. Katika kaunti ambayo mwaka wa 2012 na 2013 ilishuhudia damu ikimwagika, ardhi, maji na malisho yakiwa miongoni mwa chanzo, stakabadhi si jambo la mzaha.

Wapo watakaosema, ati Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Mbona M-Pesa, iliyoanza mwaka wa 2007, ina menyu ya Kiswahili? “Tuma pesa” na “toa pesa” ni maneno ambayo hata asiyekanyaga shule anayaelewa. Jirani zetu Watanzania walitunga “serikali mtandao”, wakaliandika neno hilo katika sheria ya mwaka wa 2019 na kulipa jina hilo mamlaka inayosimamia kazi hiyo.

Kinachohitajika ni kuchagua maneno kwa busara. Kuna “nywila” na kuna “nenosiri”. La kwanza lina mvuto, lakini la pili linajieleza lenyewe. Kuna “wasilisha” na kuna “tuma”. La kwanza ni la ofisini. La pili limekwisha kufundishwa na M-Pesa. Tena kuna “pakia” na “pakua”. Watu wa mtoni wanapakia mizigo mashuani, na kila jikoni wali hupakuliwa. Mama akiambiwa apakue fomu huenda akacheka, lakini hatasahau: fomu inatolewa kwenye chungu cha mtandao, inakuja kwenye sahani yake, yaani simu.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kinaitaka pia serikali kukuza lugha za kiasili. Kwa hivyo si hisani tunayoiomba. Watafsiri na walipwe na kuhusishwa tangu mwanzo, sawa na waandishi wa programu. Maelezo muhimu yarekodiwe kwa sauti katika Kipokomo na Kiorma, kwa sababu kuna wasiosoma lugha yoyote lakini wana masikio. Na kabla huduma nyingine haijazinduliwa, fomu yake ipelekwe Garsen, mzee aisome au asomewe, kisha aulizwe ameelewa nini. Asipoelewa, fomu ndiyo irudishwe ikaandikwe upya.