Usukani Unapotetemeka, Tusikimbilie Duka

Mzazi mwenzangu, kijana wangu hapa Mbeya aliniletea ndege yake ya rimoti. Usukani wa mkia ulitetemeka ilhali hakuna aliyegusa rimoti. "Baba, sevo imekufa. Tununue nyingine."

Sevo ni kimota kigeuzacho usukani. Hupokea mapigo ya umeme takriban 50 kila sekunde, na urefu wa pigo ndio amri yenyewe. Pigo likivurugwa, usukani huyumba.

Tuliing'oa rafadha kwanza, tusije tukakatwa vidole. Tukapima betri: imejaa. Tukachomeka sevo ya bawa katika tundu lile lile la kipokezi: ikatulia. Basi kipokezi ni kizima. Kasoro iko kwenye sevo ya mkia au waya wake. Kumbe plagi yake ilijaa vumbi la kiangazi la Iringa, tulikoirushia mwezi uliopita! Tukaisafisha, na mtetemo ukakoma, alhamdulillahi.

Ungeendelea, tungenunua sevo mpya bila kusita, kwani ndege isiyotulia usukani yaweza kumwangukia mtoto wa jirani. Lakini kununua kabla ya kuchunguza ni israfu, na huenda ugonjwa ukabaki pale pale.