Kutoka Mfanano hadi Uzito wa Ushahidi: Ulinganishaji wa Kitakwimu wa Chembe za Kioo katika Uchunguzi wa Jinai

Dirisha linapovunjwa wakati wa wizi, chembe ndogo za kioo huweza kuruka na kunasa katika nguo za mvunjaji. Chembe za kioo zikipatikana baadaye katika nguo za mtuhumiwa, mahakama huhitaji kujua kama zimetoka katika dirisha hilo. Makala haya yanafafanua kwa nini jibu la "zinafanana" au "hazifanani" halikidhi haja hiyo, na namna uwiano wa uwezekano unavyoziba pengo linalobaki.

Sifa ambayo imepimwa kwa muda mrefu ni kiwango cha kioo kupinda mwanga. Kwa vioo vya madirisha kiwango hicho hukaribia 1.52, na tofauti zenye maana hujitokeza katika tarakimu ya nne au ya tano baada ya nukta. Katika mkabala wa kimapokeo, wastani wa vipimo vya chembe hulinganishwa na wastani wa vipimo vya dirisha kwa jaribio la t. Tofauti ikizidi kikomo kilichowekwa, chembe hukataliwa. Isipozidi, husemwa kuwa zinafanana.

Mkabala huo una kasoro tatu. Kwanza, kikomo hicho ni mithili ya ukingo wa genge: badiliko dogo mno la kipimo hugeuza ushahidi mzito kuwa si kitu. Pili, kushindwa kuonesha tofauti si uthibitisho wa asili moja. Vipimo vichache au visivyo makini hupanua mawanda ya makosa, hivyo mfanano hupatikana kwa urahisi zaidi, na udhaifu wa maabara humwangukia mshtakiwa. Tatu, mkabala huo hauulizi kioo cha namna hiyo ni adimu kiasi gani.

Mwaka 1977, katika jarida la Biometrika, mwanatakwimu Mwingereza Dennis Lindley alionesha namna ya kuyaunganisha mambo haya bila kikomo. Uwezekano wa kupata vipimo hivyo iwapo chembe zimetoka katika dirisha husika hugawanywa kwa uwezekano wa kuvipata iwapo zimetoka kwingine. Kwa mfano rahisi wa kubuni, ichukuliwe kuwa uwezekano wa kwanza ni 0.95. Uwezekano wa pili ukiwa 0.05, uwiano ni 19, ukiwa 0.001, uwiano ni 950. Mfanano ni uleule, lakini uzito wake umetofautiana mara 50.

Kwa hiyo, takwimu za vioo vilivyomo katika mazingira husika ni za lazima. Teknolojia ya kuelea kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka, iliyotangazwa na kampuni ya Pilkington mwaka 1959, imefanya vioo vya madirisha vikaribiane sana kwa sifa. Ndiyo maana upimaji wa elementi zilizomo katika kioo umeongezwa kando ya upimaji wa mwanga.

Inahitimishwa kuwa uwiano wa 950 haumaanishi kuwa mshtakiwa ana uwezekano mara 950 zaidi wa kuwa na hatia. Unaeleza tu kiasi ambacho vipimo vinaunga mkono dai moja kuhusu asili ya chembe dhidi ya jingine. Namna chembe zilivyofika katika nguo, na hatia yenyewe, ni maswali yanayohitaji ushahidi mwingine na uamuzi wa mahakama.