Ngege Mwenye Y Mbili

Sokoni Nateete, kando ya barabara ya Masaka, ngege hauzwi kwa jinsia yake. Mnunuzi humkagua macho na matamvua, akapatana bei, basi. Mfugaji ndiye anayejali sana kama samaki wake ni dume au jike. Jike huatamia mayai kinywani, na siku hizo zote hali chakula cha maana, ilhali dume hukua haraka. Wakifugwa pamoja huanza kuzaana wakingali wadogo, bwawa hujaa vitoto, na siku ya kuvua mfugaji huambulia samaki wa kiganja.

Kwa sababu hiyo wazalishaji wengi huwalisha vifaranga, kwa wiki tatu au nne za mwanzo, chakula kilichotiwa homoni ya methiltestosteroni. Kifaranga ambaye kromosomu zake zilimpangia ujike huota korodani, akatoa manii, akawa dume anayeweza kuzalisha. Hata joto linatosha: vifaranga wa perege wa Nile, ambaye ndiye ngege wa sokoni leo, wakilelewa mapema kwenye maji ya nyuzi 36 hivi, madume huongezeka.

Msomaji aliyefundishwa shuleni kwamba XX ni jike na XY ni dume ana haki ya kushangaa. Kanuni ile ni ya kweli kwa binadamu na kwa karibu mamalia wote. Mwaka 1990 watafiti wa London waliitambua jeni inayowasha mambo, SRY, iliyo kwenye kromosomu Y. Ikiwepo, kiinitete huunda korodani. Kwa kuwa Y hutoka kwa baba, mama anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu analaumiwa bure. Kwa kuku mambo yamegeuka: jogoo ana Z mbili, tetea ana Z na W, na yai la tetea ndilo linaloamua. Jinsia ya mamba na kasa huamuliwa na joto la mchanga au kiota, jambo ambalo Madeleine Charnier aliligundua kwanza kwa mijusi aina ya agama, huko Dakar, na kulitangaza mwaka 1966.

Mtu anaweza kudhani kila ukoo wa wanyama ulijichagulia kanuni yake zamani sana na kutulia nayo. Perege wanalipinga wazo hilo, na ushahidi wa mapema ulitokana na samaki wa Zanzibar.

Katika kituo cha utafiti cha Malacca, kwenye Malaysia ya leo, C. F. Hickling alipandisha majike wa perege wa Msumbiji kwa madume wa perege waliotoka Zanzibar, wenye asili ya mto Wami. Mwaka 1960 alitoa taarifa kwamba watoto walikuwa madume watupu. Maelezo ya jambo hilo ni haya: perege wa Msumbiji hufuata XY, lakini yule wa Wami hufuata ZW kama kuku. Mama alitoa X, baba akatoa Z, na kila mtoto akawa dume. Samaki wawili wanaokaribiana kiasi cha kuzaa pamoja walikuwa na kanuni mbili zilizopishana kabisa.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1990 wafugaji wa kitaalamu wametumia njia hii: vifaranga XY hupewa homoni ya kike, wakawa majike, majike hao hupandishwa na madume XY wa kawaida, robo ya watoto huwa YY. Dume wa YY huishi, hunenepa, na akipandishwa na jike wa XX huzaa karibu madume watupu bila watoto hao kuonjeshwa homoni. Binadamu hawezi kuishi bila X, kwa sababu X yetu ina jeni kama 800, na Y imebaki na sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ya Y iliacha kubadilishana vipande na X mamilioni mengi ya miaka iliyopita, na tangu hapo imekuwa kama daftari linalonakiliwa kwa mkono bila jingine la kulinganishia: makosa yanarundikana, kurasa zinapotea. Y ya perege haijafika huko. Ni changa, na karibu kila jeni iliyo kwenye X ipo kwake pia.

Uchanga huo unaonekana hata kwenye jeni yenyewe. Mwaka 2015 watafiti wa China walionyesha kwamba katika perege wa Nile waliowachunguza, udume huwashwa na nakala iliyojirudia ya jeni ya amh, iliyopo pia kwa binadamu. Walipoiharibu nakala hiyo, samaki wa XY wakawa majike. Katika koo nyingine za perege huyuhuyu, kromosomu ya jinsia ni nyingine kabisa.

Kwa nini kanuni ibadilike hivyo? Jibu moja zuri limetoka Ziwa Nyasa. Baadhi ya samaki wa huko, ndugu wa mbali wa perege, wana mabaka ya rangi ya chungwa. Mabaka humficha jike miambani, lakini kwa dume huharibu rangi ya kuvutia majike. Mwaka 2009 ilionyeshwa kwamba jeni ya mabaka imekaa jirani na jeni inayoamua ujike, hivyo zote mbili hurithiwa pamoja. Jeni ya jinsia iliyopata jirani wa aina hiyo ina nafasi ya kuishinda ya zamani. Katika Ziwa Tanganyika, uchunguzi wa spishi karibu 240 za ukoo huo wa samaki uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta kromosomu za jinsia zikibadilishana zamu kwa kasi kubwa kuliko iliyowahi kujulikana.

Utajiri huo sasa unachanganywa. Perege wa Nile, aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, amesambazwa kwa ufugaji kote Afrika Mashariki, na nchini Tanzania chotara wake na perege wa kienyeji, akiwemo yule wa Wami, wamekwisha kupatikana. Ngege wa asili wa Victoria, Oreochromis esculentus, karibu ametoweka katika ziwa kuu. Amebaki kwenye maziwa madogo kama Kanyaboli, Kenya, na viziwa vya jirani na Ziwa Nabugabo, wilayani Masaka. Kabla ya kumwaga vifaranga wapya kwenye maji hayo, wizara na wafugaji wanapaswa kuuliza ni nani anayeishi humo tayari.